Mkaguzi ametufungia chumba cha kuzalishia

Jamani, sijui hata nianzie wapi.

Leo asubuhi mkaguzi amekuja kwenye zahanati binafsi ninayofanya kazi, hapa Bungu. Mama mpole, wala haongei sana. Nikajua tumepona.

Akaingia chumba cha kuzalishia, akachukua pampu ya mkono ya kumpa hewa mtoto mchanga. Akaibonyeza, akaweka kiganja mbele ya tundu lake.

"Sista, hii haitoi hewa. Mpira umepasuka."

Hapo hapo pikipiki ikasimama nje. Dada mmoja kutoka Mahege, uchungu umemshika, mtoto anakuja. Kumpeleka hospitali ya Mchukwi tusingewahi.

Mtoto akatoka kimya, amelegea.

Nikamkausha, nikamsugua mgongo. Kimya.

Mkaguzi akatoka mbio. Nikadhani ametukimbia.

"Dada, mbona mwanangu halii?" mama yake akaniuliza.

Nilikuwa naogopa hata kumtazama usoni.

Kumbe mkaguzi alikimbilia kwenye gari, kuchukua pampu anayofundishia wauguzi. Akarudi, akaanza kumpa mtoto hewa, taratibu, huku mimi nimemshika kichwa.

Halafu mtoto akalia. Na mimi nikalia, mbele ya watu.

Mama na mtoto walipotulia, mkaguzi akanawa mikono.

"Chumba nakifunga mpaka mlete pampu nzima."

Nikampa ufunguo.

Sasa nimekaa nawaza jambo moja tu: kwenye ratiba, alikuwa aje wiki ijayo.

Wauguzi wenzangu, pampu ya kwenu mmeijaribu lini?