Malkia Aliyeosha Vyoo

Umri wangu ni wa kushukuru, si wa kukasirika. Nimekuwa katekista zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimezika wengi, nimeandaa wengi zaidi kwa ubatizo, na uzeeni Mungu amenipa chumba chenye joto nyumbani kwa binti yangu hapa ughaibuni, mjini Fridley. Lakini Januari hii nilikasirika ndani ya kanisa, na hasira hiyo sijaiungama, kwa kuwa sina hakika kama ni dhambi.

Ilianza na kura. Jumuiya yetu ilikuwa imekua mno, ikagawanywa. Waliohamia mji wa Lakeville wakaondoka na mtakatifu msimamizi wa zamani, nasi tuliobaki tukahitaji mwingine. Kila nyumba ikaandika jina moja, vikaratasi vikatiwa ndani ya sufuria, tukasali, mama mmoja akatumbukiza mkono. Likatoka jina nililoandika mimi: malkia wa Wafaranki, watu wa Ulaya wa karne nyingi zilizopita. Hakuna aliyekuwa amemsikia. Jina lake lilikuwa gumu kutamka, kwa hiyo tukamwita Malkia tu.

Nikaombwa kufundisha habari zake, nami nikafundisha Jumapili kadhaa sebuleni kwa binti yangu, ambaye ndiye mwenyekiti. Niliwaambia yote. Kwamba alitekwa akiwa msichana, akavushwa bahari na kuuzwa kwa bei ndogo. Kwamba bwana wake alipotaka kumwoa, alijificha kwa kuvaa matambara mpaka yule bwana akaoa mwingine. Kwamba mfalme alimwoa, naye alipopata mamlaka akapiga marufuku biashara ya kuuza Wakristo waliotekwa, akawakomboa wengi kwa mali yake. Vito vyake aligawa, na inasemekana alibaki na mkufu wa nyuzi tu, uliodariziwa kwenye vazi lake la kitani. Mwishoni aliingia monasteri aliyoijenga mwenyewe, akakataa kuwa mkubwa wa nyumba, akapika jikoni na kuosha vyoo.

"Hata vyoo, Papa?" aliuliza mama mmoja Mkongo, mjamzito, aliyekuwa ameketi karibu na mlango.

"Hata vyoo."

"Basi huyo ni mwenzangu wa shifti!"

Tulicheka sana. Yeye huosha wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, humohumo anamofanya kazi binti yangu. Lakini alipomaliza kucheka aliinamisha kichwa. Alitekwa na watu wenye bunduki kabla hajavunja ungo, akabebeshwa mizigo yao msituni. Alitutajia jambo hilo mara moja tu, kwa ufupi, kama mtu anayetaja kwamba jana mvua ilinyesha. Siku hiyo aliweka mkono tumboni akasema, "Akiwa msichana, ni Malkia huyu."

Akawa msichana. Tukapanga abatizwe siku ya sherehe ya msimamizi, na binti yangu awe mama wa ubatizo. Sare zikashonwa Nairobi, vitenge vya zambarau vyenye darizi nzito ya dhahabu shingoni. Kamati ya sherehe ilikuwa imesikia habari za mkufu wa nyuzi, ikamwagiza fundi atie nyuzi zinazong'aa kuliko zote. Hilo lilinichekesha. Sikujua kwamba lingenikasirisha baadaye.

Wiki ya sherehe nilimkuta binti yangu jikoni akisukuma chapati.

"Baba, ile hadithi ya Malkia nimeifupisha kidogo."

"Umeikata wapi?"

"Mwanzoni. Na pale mwisho."

"Mwanzo na mwisho ndiyo hadithi yenyewe."

"Baba, tutakuwa na wageni. Wale wa Lakeville wanakuja na madaktari wao. Unajua wanatuitaje? Watu wa pampasi, eti kwa kuwa tunawabadilisha wazee! Sasa tusimame mbele yao tuseme msimamizi wetu alikuwa mtumwa, halafu akamalizia chooni?"

"Ndiko alikomalizia."

"Na mama mtoto nimeongea naye. Ameelewa. Atampa mtoto jina lingine zuri. Mtoto asianze maisha na jina la mtumwa."

Niliketi. 

"Wewe ulipofika nchi hii ulifanya kazi gani?"

"Baba, usianze."

"Nauliza."

"Nilikuwa naosha wazee, Baba. Unajua. Nikasoma, sasa ni nesi. Sitaki kurudishwa huko hata kwa hadithi."

"Mikono iliyoosha wazee ndiyo iliyonileta hapa. Nimekula kutoka mikono hiyo. Mimi siionei haya. Kwa nini wewe?"

Akageuza chapati kikaangoni. Bwana wetu alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wavuvi, na sisi, wafuasi wake, tunaficha ndoo wageni wakija!

Kesho yake nilivuka maegesho, nikikanyaga barafu polepole, mpaka jengo la pili, anakokaa yule mama Mkongo. Nilimwambia jina la mtoto ni lake yeye na mumewe, si la kamati.

"Papa, nitakataa namna gani?" alisema. "Mama Mwenyekiti ndiye aliyenitafutia kazi. Kila jioni napanda gari yake. Nikitoka kazini hakuna basi. Akiudhika, kazi imekwisha."

"Na wewe unataka jina gani?"

Alimtazama mtoto. "Tukiwa wawili tu namwita Malkia."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi, maana sikuwa na cha kumpa. Mimi siendeshi gari. Nina maneno tu, na maneno hayamfikishi mtu kazini.

Siku ya sherehe kanisa lilijaa zambarau na dhahabu. Kabla ya misa, kijana wa kwaya alisoma maisha ya msimamizi wetu: alizaliwa ng'ambo ya bahari, akaolewa na mfalme, akajenga monasteri, akafa kwa amani. Kama mtu aliyelala mtoto akaamka bibi harusi! Wageni wakapiga makofi. Nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Nilimwomba Mungu anizuie nisisimame, na palepale nikamwomba asinizuie.

Wakati wa ubatizo wazazi walisogea mbele, binti yangu akiwa kando yao na mshumaa.

"Mnampa mtoto huyu jina gani?" padre akauliza.

 Baba wa mtoto alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama binti yangu, kisha akamtazama mtoto, akataja jina la Malkia, lote, lile gumu.

Padre alikuwa ameambiwa jina jingine. "Jina gani, mama?"

Akalirudia kwa sauti. "Yule aliyeuzwa, Padre. Yule aliyeosha vyoo."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Halafu, kutoka benchi la akina mama waliokuja moja kwa moja kutoka shifti, kikapigwa kigelegele kimoja. Padre akamwaga maji. Binti yangu hakuinua uso, na nta ya mshumaa ilikuwa ikimdondokea vidoleni.

Ndani ya gari aliniuliza, "Sasa umefurahi, Baba?"

"Sijafurahi. Amelitaja huku akiogopa kukosa gari lako. Haifai mama aende kubatizisha mtoto akiwa na hofu ya namna hiyo."



Jumatatu jioni, ulipokaribia wakati wa kazi, nilisimama dirishani. Niliogopa atamwacha yule mama, sifichi. Binti yangu alikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akaondoka, akavuka maegesho, akasimama mbele ya jengo la pili. Siku zote hupiga honi. Siku hiyo alishuka, akabisha hodi. Yule mama alipotoka na mfuko wake wa chakula, walikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuondoka. Waliyosemezana siyajui.

Asubuhi yake, kwenye chai, binti yangu alisema bila kunitazama, "Mtoto anakohoa kidogo. Nimewapelekea mashine ya mvuke."

"Mtoto yupi?"

Alijua ninachotaka. Alitaja jina la Malkia, akalivuruga katikati. Nikamsahihisha kwa ukali, kama mtoto wa darasa la komunyo, naye akalirudia mpaka likanyooka.

Nikamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mwanzo na mwisho wa hadithi bado havijasomwa kanisani. Nimemwambia kwamba ni yeye atakayevisoma, na mpaka siku hiyo sare yangu yenye darizi ya dhahabu itabaki kabatini.