Bibi Asiye na Runinga

Kisauni nzima hakuna anayeniweza kwa kubashiri ile tamthilia ya binti mfalme aliyegeuzwa njiwa na mchawi asiyejulikana. Shule niliiacha mapema, lakini hila za mama wa kambo nazijua kabla hajafungua mdomo.

Juzi, kwenye kibanda cha mbaazi na mahamri, nikatangaza kwamba mtumishi bubu ndiye atakayemwokoa binti. Bibi mmoja mjane, asiyekosa pale asubuhi, akaninyooshea kidole kilicholowa tui.

"Huna ujualo, mwanangu. Bubu ndiye mchawi."

"Kwani bibi, jana ulitazama?"

"Wallahi sina runinga. Nasikiliza mnavyosema, kisha nabisha." Akalamba kidole polepole. "Nyumbani hakuna wa kunibishia tena."



Jioni ile bubu akafichuliwa. Mchawi alikuwa yeye kweli.

Asubuhi, bibi alipotokea, nikawakonyeza wenzangu wanyamaze. "Shikamoo bibi. Bubu hana hatia, na asemaye vingine ni muongo."

"Marahaba." Akavuta kigoda, akaketi karibu nami. "Haya, nieleze kwa nini."

Wewe msomaji mwenye runinga kubwa kama mlango, kwako nani anakubishia?