Mama yangu alimwaga beseni la msiba, kijiji hakikumsamehe

Wakuu, salamu kwenu wote.

Mimi humu ni msomaji tu, siyo mwandishi. Leo nimeona watu wanabishana kuhusu magonjwa ya mlipuko, nikajikuta nimekaa na simu mkononi nafuta na kuandika. Nitawasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Asiyeamini ruksa, ila sina cha kupata kwa kudanganya kuhusu mama yangu.

Kwetu ni mwambao wa Ziwa Tanganyika, siyo mbali sana na Karema. Kijiji cha wavuvi na wakulima wa muhogo. Maji ya kunywa ziwani, kuoga ziwani, kufua ziwani. Vyoo navyo vilikuwa vichache, tuseme ukweli.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, ule mwaka wa Elnino. Mimi nilikuwa kijana, fundi baiskeli Mpanda mjini. Nilienda nyumbani kumsaidia mama kupanda, mvua ikakata barabara, nikakwama huko.

Ndipo kipindupindu kikaingia.

Kwanza walilaumiwa wageni. Wakati ule wakimbizi walikuwa wanavuka kwa boti kutoka ng'ambo, so kila kibaya kilikuwa chao. Kumbe wao na sisi tulikuwa tunachota maji palepale.

Bwana afya akaja kwa boti ya injini, akaitisha mkutano. Akasema chemsheni maji, msile misibani, na kubwa kuliko yote, naweni mikono. Alirudia hilo la mikono mpaka watoto wakaanza kumuigiza. Kisha akaenda vijiji vingine, maana alikuwa mmoja na mwambao ni mrefu.

Sasa hapa nieleze desturi yetu ili msipotee.

Kwetu mkitoka kuzika, mnakuta beseni la maji mlangoni kwa wafiwa, limewekwa majani fulani. Kila aliyekwenda makaburini ananawa humo. Wanaanza waliomuosha marehemu, wanafuata waliobeba, halafu watu wote. Maji hayabadilishwi, ni yaleyale mpaka mtu wa mwisho. Asiyenawa anabeba kifo kwenda nacho kwake, na watu wanamtazama mara mbili. Wengine wanasema wazi kabisa kwamba huyo ndiye aliyeua.

Mmeshaona tatizo lilipo?

Watu waliacha kula misibani, walitii kweli. Wakaacha na kupeana mikono. Ila beseni hakuna aliyeliacha, kwa sababu bwana afya si kasema tunawe? Tulinawa wakuu. Hata waliokuwa wakikwepa zamani sasa walipanga foleni.

Mama mdogo wangu, Paskalia, alikwenda kumzika mvuvi jirani yetu. Akanawa kama wengine. Haikupita muda akaanza kuharisha na kutapika, na alikuwa mwanamke mwenye nguvu, wa kubeba gunia la muhogo peke yake. Alikauka tukimwona. Mama alimshika kichwa mpaka mwisho.

Hao walikuwa wawili tu kwa mama yao. Sijui niwaelezeje walivyopendana. Walikuwa wakigombana asubuhi, mchana wanapika chungu kimoja.

Tulipotoka kumzika, beseni lilikuwa mlangoni kwa mama. Waliomuosha Paskalia wakasogea. Mama akawapita, akainama, akalipindua. Maji yote chini.

Akasema, "Paskalia alinawa kwenye beseni kama hili, na leo tumemfukia. Nendeni makwenu mkanawe kwa sabuni, kila mtu na maji yake."



Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Leonsi, alikuwa mtu mpole. Akamuuliza taratibu, "Mama Deus, unawakataza watu kunawa msiba wa mdogo wako mwenyewe? Una nini?"

Hilo swali kwetu siyo swali. Ni hukumu.

Mama aliingia ndani kulia. Nje watu walitazamana kidogo, kisha mtu akaleta maji mengine, beseni likawekwa uwanjani kwa jirani, Mama Edina. Wakanawa. Wachache sana waliondoka moja kwa moja kwenda kwao, nao waliondoka wameinamisha vichwa kama wezi.

Baada ya hapo watu waliugua zaidi. Ungetegemea wangesema mama alikuwa sahihi, sivyo? Thubutu! Walisema kamwaga maji ya msiba, ndiyo maana kifo kimekosa pa kutokea. Kila aliyekufa aliandikwa jina la mama yangu. Wanawake wakaacha kupita njia ya kwetu. Ukimsalimia mtu anaitikia huku anatembea.

Kisha akaugua Edina mwenyewe, binti wa jirani, msichana wa shule. Mama yake alikuja kwetu kupitia shambani ili asionekane. Alipiga magoti.

"Dada, mwanangu ananifia."

Mama hakumuuliza jana ulikuwa wapi. Alichukua maji aliyochemsha, sukari na chumvi, wakaenda wote. Alimnywesha yule binti kijiko kwa kijiko, anatapika, ananyweshwa tena. Mama alilala huko mpaka Edina akaomba uji.

Bwana afya alirudi na dawa, ugonjwa ukapungua, ukaisha. Mkutano ukaitishwa. Mimi nilidhani ni wa kushukuru.

Mzee Leonsi akasema, "Mama Deus, hatukufukuzi. Ila watu wana hofu. Tunakuomba ukapumzike kwa mwanao huko Mpanda."

Mama alitazama upande wa wanawake. Mama Edina alikuwa pale, mbele kabisa. Alikuwa anachezea ncha ya khanga yake. Hakufungua mdomo.

Nilitaka kusema, mama akanishika mkono. "Acha baba. Waache na maneno yao, mie nimechoka."

Barabara ilipofunguka nikamleta Mpanda. Tuliishi chumba cha kupanga. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila akisikia kuna mtu kaja kutoka mwambao lazima amtafute, amuulize fulani hajambo, yule kajifungua? Wengine walimjibu, wengine walijifanya wana haraka. Inauma wakuu. Mpaka leo inaniuma.

Alipougua mara ya mwisho aliniomba kitu kimoja tu, nikamzike ubavuni kwa Paskalia.

Nikatuma ujumbe kijijini. Jibu likaja kwamba nimzike hukohuko. Nikamzika Mpanda, kwenye makaburi ambayo hakuwa na ndugu hata mmoja.

Sikukanyaga kwetu kwa miaka mingi. Nilikuja kwenda juzijuzi kwa ajili ya shamba. Nikakuta Mzee Leonsi na Mama Edina wote wameshatangulia. Edina ni mama mtu mzima, ana watoto. Akaniambia, "Kaka, twende nikuoneshe kwa mama mdogo."

Makaburi yamejaa sana, yanagusana. Ila ubavuni mwa Paskalia pana nafasi ya mtu mmoja, pako wazi, pamepaliliwa.

Nikamuuliza, mnapaogopa?

Akasema, "Hapana kaka. Kila walipokuja kuchimba hapa, mama alikuwa anakuja kukaa chini. Anawaambia hapa pana mwenyewe, mkachimbe kwingine. Mpaka anakufa. Sasa nakaa mimi."

Nililia pale kama mtoto.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba hofu haiwafanyi watu wabaya kuwa wengi. Inawafanya wazuri wanyamaze. Mama Edina alikuwa na ujasiri wa kukaa juu ya udongo miaka yote ile kumlindia mama yangu kaburi. Siku ya mkutano lilihitajika neno lake moja tu, na mama angezeeka kwao.

Waliopitia haya, karibuni mseme. Na kama kuna mtu alikutetea na leo yupo hai, kabla hujakoment hapa, mpigie simu kwanza.