Boti Tuliyoipokea Ikiwa Kamili

Ipo siku moja, mwanangu Rehema, ambayo nikiikumbuka naona haya mpaka leo, na sijawahi kukusimulia kwa sababu humo ndani mimi si mtu wa kusifiwa. Lakini jana ulipopita hapa Mkuza, ukakaa kwenye kiti changu ukila mihogo, uliniambia kwa furaha kwamba kampuni fulani inailetea zahanati yenu ya Kisarawe mashine ya kuwapimia wajawazito, na kwamba wewe ndiye uliyechaguliwa kuandika risala ya kumsomea mgeni rasmi. Nikakuuliza, mashine yenyewe umeiona? Ukasema umeona boksi. Tangu ulipoondoka kwenda kupanda gari kituo cha Kwa Mathias sina raha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Najua utacheka. Utasema bibi naye kwa kushuku watu! Kweli, mimi siku hizi nikiletewa hata kikapu cha machungwa nayatoa ya juu nione ya chini. Sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na ada ya somo hilo sikuilipa mimi, alilipa mtu mwingine.

Nilikuwa na umri kama wako, nesi mpya kabisa, binti wa Kisarawe niliyekuwa nikiijua bahari kwa kuisikia. Nikapangiwa kisiwa kimoja huko deltani, mkoa huu huu wetu wa Pwani. Zahanati ilikuwa ya vyumba viwili, na hospitali ilikuwa ng'ambo. Mjamzito akishindwa kujifungua tulimlaza kwenye mtumbwi, wanaume wakapiga kasia nusu ya siku, nasi wengine tukabaki tunaomba dua.

Aliyenipokea huko ni Bi Mwanaidi, mkunga wa kijiji, mama mfupi mwenye sauti kubwa. Hakujua kusoma, lakini akimpapasa mama tumboni alikuwa akijua mtoto amelalaje kabla mimi sijavaa glovu. Nilikuwa nikila kwake na kushinda kwake. Binti yake, Zuhura, alikuwa na mimba ya kwanza, na ile mimba tuliilea wote wawili.

Basi ikaja habari kwamba kampuni iliyokuwa ikinunua kamba kwa wavuvi wetu itatupa boti ya wagonjwa, boti ya injini. Mwanangu, kisiwa kilichangamka! Akina mama walinunua kanga za sare, wazee wakafagia njia. Na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, nikaambiwa niandike risala. Nikaona nimepata cheo.

Rasimu ya kwanza niliiandika vizuri. Nilishukuru, kisha nikaweka maswali matatu: nani ataendesha, nani atanunua mafuta, na ikiharibika nani ataitengeneza. Nikampelekea mtendaji wa kijiji. Akasoma, akachukua kalamu nyekundu, akayakata yote matatu.

"Sista, mgeni rasmi haulizwi maswali," akaniambia. "Unataka ageuze boti arudi nayo? Andika tumeipokea ikiwa kamili, basi."

Ningeweza kubisha. Sikubisha, nilikuwa natafuta kupendwa.

Asubuhi ya sherehe nilishuka ufukweni kuitazama. Nyeupe, imeandikwa jina la kampuni ubavuni kwa herufi kubwa kuliko msalaba mwekundu wenyewe. Nyuma kulikuwa na injini iliyochakaa, rangi imebabuka. Nikamuuliza fundi aliyekuja nayo mbona boti mpya ina injini kuukuu. Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Hii ya kuazima tu, dada, ya kutufikisha hapa. Ya kwenu inakuja."

Umesikia? Niliambiwa. Sikudanganywa na mtu. Niliambiwa kwa Kiswahili chepesi, asubuhi kweupe, na saa mbili baadaye nikasimama mbele ya watu wote nikasoma: "Tumeipokea boti hii ikiwa kamili na tayari kwa kazi." Vigelegele vikapigwa, na cha Bi Mwanaidi kilivishinda vyote. Nikapiga goti, nikamkabidhi mgeni rasmi nakala ya risala kwa mikono miwili, tukapigwa picha. Kesho yake fundi akafungua injini yake akaondoka nayo, na boti ikabaki imeinama mchangani.

Wiki zikapita. Kuku wakaanza kutagia mle ndani. Nikaomba ruhusa, nikasafiri mpaka Dar, kwenye ofisi za ile kampuni. Alinipokea binti mpole, akaniletea na maji ya kunywa. Nikamweleza kwamba boti haina injini. Akashangaa, na mshangao wake sikuweza kuupima kama ni wa kweli au wa kazini. Akafungua faili, akatoa karatasi, akaisogeza mbele yangu.

"Lakini dada, mbona ninyi wenyewe mmetuandikia ni kamili?"

Ulikuwa mwandiko wangu. Hata zile nakshi nilizozichora pembeni kwa kujidai zilikuwepo. Nilitamani sakafu inimeze. Akasema watalifanyia kazi, nami nikarudi kisiwani. Bi Mwanaidi alipouliza wamesemaje, nikamwambia injini iko njiani. Nadhani unaona jinsi uongo wa kwanza ulivyokuwa ukinidai wa pili.

Zuhura alishikwa na uchungu asubuhi moja. Kufika adhuhuri tukajua mtoto hatatoka bila msaada wa hospitali. Tulipomteremsha ufukweni tulipita kando ya ile boti, na yeye, katika maumivu yale, akainyooshea mkono akidhani tunampandisha humo. Mkono huo nauona hadi leo. Tukampitisha, tukamlaza mtumbwini. Kaka zake walipiga kasia mpaka viganja vikachubuka. Zuhura alipona. Mtoto alitoka akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume.

Tulipomaliza kuzika nilimfuata Bi Mwanaidi jikoni kwake, nikamweleza yote: fundi, kalamu nyekundu, karatasi ya Dar. Nilitegemea atanifukuza. Aliutoa upawa chunguni, akabaki nao mkononi, akasema, safari hii kwa sauti ndogo:

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Wewe uliposoma kwamba ni kamili, nilipiga kigelegele. Nilijua umeangalia."

Angenipiga ule upawa ningeshukuru.

Siku ya pili niliiandikia kampuni barua, bila nakshi. Nikaeleza boti ilikuja na nini, ikabaki na nini, na nani amezikwa. Nikaweka sahihi yangu, na Bi Mwanaidi akaweka dole gumba. Sikumwonyesha mtendaji. Injini ililetwa, mpya, pamoja na kijana wa kuiendesha, na ikavusha akina mama wengi hata baada ya mimi kuhamishwa. Kwa hiyo uwezo wa kuileta walikuwa nao siku zote. Kama walituficha makusudi, au kama kule ofisini waliiamini kweli karatasi yangu, sijui mpaka leo, na sitaki kuwasingizia. Ninachokijua ni kwamba walihitaji mtu wa kuwaandikia kuwa mambo ni mazuri, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Sasa nisikilize. Sikwambii mkatae mashine. Mashine ni kitu kizuri, na wapo wanaotoa kwa moyo safi. Wapokeeni, wapikieni pilau, wavisheni vitenge. Lakini boksi lifunguliwe kabla hujaandika mstari hata mmoja. Ichomekwe kwenye umeme iwake. Uliza nani atafundishwa kuitumia na nani ataitengeneza, na uyaandike maswali hayo ndani ya risala, uyasome kwa sauti mbele ya mgeni rasmi. Mtu akija na kalamu nyekundu, mpe risala yake aisome mwenyewe kwa mdomo wake. Aliyetoa kwa moyo hakasiriki kuulizwa, na anayekasirika amekupa jibu. Wale mama watakaokaa kwenye viti vya plastiki wakikupigia vigelegele watajua umeangalia. Basi angalia.

Mwenyezi Mungu akutunze, mjukuu wangu. Kila mama atakayeingia mlangoni kwako na tumbo, amjaalie atoke na mtoto mikononi. Na wewe akuepushe, usije hata siku moja ukasimama kwenye jiko la mtu kama nilivyosimama mimi kwa Bi Mwanaidi.