Disketi ya Baba na Mlango Niliofunga

Ninapenda kompyuta zilizokufa. Katika duka langu la kuchapa barua mjini Arua, nina programu ndani ya laptopu inayoigiza mashine za zamani kama ile ya ofisini kwa marehemu baba: skrini nyeusi, herufi za kijani, hakuna kipanya. Humo naendesha mifumo ambayo hata walioitengeneza wameshaisahau. Wateja husema napoteza umeme. Waseme.

Mwaka jana baba mdogo alikuja kutoka Koboko na disketi iliyofungwa kwa nailoni. Alisema marehemu baba aliandika humo mapatano ya ukoo, kwamba shamba la Ludara ni la nyumba ya mama yangu. Watoto wa baba mkubwa walikuwa wakilidai, na mama hakuwa na mahali pengine pa kupanda muhogo. Wazee wangekaa kesho yake.

Sikumwamini. Huyu alikuwa akila kwa wadai hao kila Jumapili. Miaka yote hiyo amekaa na disketi, kwa nini ailete leo? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

"Mimi nataka kaa hapa karibu," alisema, akivuta stuli. "Naona na macho yangu vile unafungua."

"Baba, mashine hii inasumbua. Ngoja nje, nitakuita."

Uongo mtupu. Nilitaka kuikagua peke yangu nimnase. Nilifunga mlango na komeo nikatia.

Kwa kawaida natoa nakala kwanza, kisha nafanya kazi na nakala. Siku hiyo haraka ya kumnasa mtu ilinipofusha, nikafungua disketi yenyewe kwenye kisomaji cha kuchomeka. Faili lilikuwa na tarehe ya wakati mimi bado niko shule ya msingi. Maneno yalikuwa ya baba, hata ile tabia yake ya kutaja kila mti wa mpaka. Nilitafuta ujanja mstari kwa mstari, sikuuona. Wakati wa kutoka, programu iliuliza kama nihifadhi. Vidole vyangu vimezoea kukubali, vikakubali. Nikachapa karatasi, nikaenda kulala kwa furaha.

Kesho yake nilikwenda kikaoni na karatasi, disketi na laptopu; wadai walikuja na ndugu yao anayefundisha kompyuta. Karatasi hakuitazama. Aliomba disketi, akafungua orodha ya mafaili kwenye laptopu yangu, akawaonyesha wazee: faili limeandikwa jana mchana.

Nilieleza kwamba mfumo hubadilisha tarehe kila unapohifadhi, kwamba ya zamani niliiona mwenyewe. Mzee wa kikao alisikiliza mpaka mwisho.

"Mutu gani ingine iliona?"

Wote walimgeukia baba mdogo. Niliomba kimoyomoyo adanganye.

"Mimi nilikuwa inje," alisema polepole. "Yeye alifunga mulango. Mimi sikuona kitu."

Karatasi ikawekwa kando, shamba likagawanywa. Mama alibakiwa na kipande cha chini, chenye mawe.

Wakati wa kurudi, mama hakuuliza lolote kuhusu kompyuta. Aliuliza kwa nini nilimfungia shemeji yake nje.

"Nilidhani ni mwizi," nikasema.

Baba mdogo alikuwa hatua mbili mbele yetu, amembebea mama kiti chake.