Mgeni Aliyengoja Nimalize Kusali

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe. Padri niliyemsimulia alinisikiliza vizuri, halafu akasema huenda ilikuwa njaa. Kweli, siku ile sikuwa nimekula. Lakini niambie wewe, njaa huvaa koti?

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi lori lilitutoa mlimani kwetu likatushusha upande wa Simbo, kwenye nyumba zilizopangwa mstari, watu wa vilima mbalimbali ambao hata salamu hatukuwahi kupeana. Mimi nilikuwa katekista kijana, mwalimu wa dini, nimetoka mafunzoni karibuni, kichwa kimejaa majibu. Mke wangu Yustina alikuwa na mimba yetu ya kwanza.

Sasa sikiliza kosa langu, maana yote yanatokea hapo. Kule kwetu kila kilima kilikuwa na machela yake: mianzi miwili, kamba na blanketi, ya kumbebea mgonjwa mpaka penye dawa, na kila nyumba ilitoa bega. Kijiji kipya hakikuwa nayo. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ruhaza, akapita mlango kwa mlango akiomba kila mwenye nyumba achangie chochote na akubali zamu ya kubeba. Alipofika kwangu nilimpa mahubiri. Nilimwambia Mungu ndiye anayepanga nani augue na nani apone, na kutengeneza machela watu wakiwa wazima ni kumwonyesha kwamba hatumwamini. Nilisema hayo mbele ya watu, tena kwa sauti. Mzee aliniangalia, akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda nyumba ya pili. Machela ikatengenezwa bila mimi, ikahifadhiwa kwenye banda lake la mbuzi.

Haikupita miezi miwili, Yustina akashikwa na uchungu alfajiri. Jua lilipochomoza, jirani aliyekuwa akimsaidia alitoka chumbani mikono ikiwa na damu. Akaniambia, "Mwalimu, huyu apelekwe Ujiji. Mimi siwezi."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia kwa Mzee Ruhaza, si ndiyo? Mimi nilipiga magoti sebuleni. Na usidhani ilikuwa imani. Ilikuwa aibu. Nilimwona mzee akilini mwangu akinitolea ile mianzi niliyoisema vibaya, watu wote wanatazama, nikaona heri Mungu anitengenezee mambo bila mimi kuvuka njia kwenda kwake. Nikasali. Nikafika amina, nikasikia Yustina analia, nikaanza upya. Nikamaliza, nikaanza tena. Nilimwambia Mungu mapenzi yake yatimizwe, na niamini, moyoni nilikuwa namwomba mapenzi yake yawe ni mimi kubaki pale pale chini.

Jua lilipopita utosini nilitoka nje kuchukua maji. Pale kwenye benchi chini ya paa ameketi mtu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti jeusi safi, kofia ameiweka gotini kwa adabu ya mtu anayesubiri ofisi ifunguliwe. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, uwanja wote tope, lakini miguu yake ilikuwa mikavu. Kuku walikuwa wakidonoa katikati ya vidole vyake. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," salamu ya asubuhi, na ilikuwa saa nane. Niliitikia. Nilidhani ni mtu wa serikali.

"Karibu," nikasema. "Nyumbani kuna mgonjwa."

"Najua. Endelea tu, Mwalimu. Nimeambiwa nisikukatize. Ukimaliza kusali nitaingia nichukue nilichotumwa."

Nikamuuliza ametumwa na nani. Akaanza kunirudishia sala yangu, neno kwa neno, hata yale niliyoyasema kimoyomoyo, hata lile la aibu. Hakunicheka wala kunikaripia.

"Na nisipomaliza?" nikauliza.

"Nitasubiri. Mimi nina subira. Aliyemo ndani ndiye hana muda."

"Na nikiinuka nikaenda kuita watu?"

Aliifikiria hiyo, akiigeuzageuza kofia. Nakuapia, alionekana kweli hajui. "Hilo sikuambiwa," akasema. "Niliambiwa ya kwangu tu."

Nilikimbia. Nilivuka ile njia peku, tope mpaka magotini, nikamkuta Mzee Ruhaza anapukuchua mahindi. Nikapiga shikamoo, nikaonyesha tu nyumbani kwangu. Alielewa. Alisimama akaita vijana, na alipokuwa anaitoa machela bandani akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri, Mzee."

Akatazama jua. Akanitazama mimi. "Alfajiri?" Mpaka leo natamani angenitukana.

Tulikuwa wanane, wanne wanabeba, wanne wanapokezana. Mimi nilikataa kupokewa. Tulipita kwenye michikichi, mwanzi ukinichubua bega, Yustina kimya ndani ya blanketi. Nikageuka. Yule mgeni alikuwa anakuja nyuma yetu, kofia mkononi, hatua kama hamsini hivi. Tukiongeza mwendo, hatua zile zile. Kwenye bonde la mto Luiche tulitua machela kidogo, na yeye akasimama njiani akangoja. Niliwauliza wenzangu kama wanamwona mtu. Walitazama, wakasema hakuna mtu, wakatazamana.

Hapo nikaanza kupiga magoti tena, mazoea mabaya hayo. Mzee Ruhaza akanishika mkono kabla goti halijagusa chini. "Sali huku unatembea, Mwalimu. Shika mwanzi." Nikashika. Nilisali njia yote mpaka Ujiji, nikihema, maneno yamekatikakatika, na kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi nasema na mtu anayesikia.

Tulifika zahanati jua linazama ziwani. Nesi alimtazama Yustina akasema, "Mngemleta asubuhi," akafunga mlango. Nikakaa nje. Mgeni akaja akakaa upande wa pili wa benchi, kofia gotini.

Mtoto alizaliwa hai, wa kiume, lakini hakulia. Alipumua kidogo kidogo. Nesi aliniita, nikambatiza kwa maji ya kikombe, nikamwita Petro, na mkono wangu ulikuwa bado unanuka mwanzi. Nilipotoka nje mgeni alikuwa amesimama. Alinitazama kwa huruma, hilo naliapia, halafu akavaa kofia yake. Akashika njia ya kushuka ziwani. Nikarudi ndani mbio, na Petro alikuwa hapumui tena.

Yustina alipona. Tulikaa wiki mbili kwa shangazi yake huko Buzebazeba, na siku moja, anakunywa uji, akaniuliza, "Yule mgeni mwenye koti alikwenda wapi?" Nikamuuliza alimwona wapi. Akasema alikuwa akimwona kupitia tundu la ukuta tangu asubuhi. Kila niliposema amina alisimama. Kila nilipoanza tena alikaa.

Basi nifafanulie wewe, maana mapadri watatu wameshindwa. Sala zangu ndizo zilizomzuia asiingie kwa mke wangu? Au ndizo zilizomuua mwanangu? Kama Mungu ndiye aliyemtuma aketi pale ili niinuke, je, niliinuka mwenyewe, au niliinuliwa? Na kama niliinuka mwenyewe saa nane, ni nani aliyenikalisha tangu alfajiri? Hilo la mwisho ndilo pekee ninalojua jibu lake, na ndilo linaloninyima raha.

Bado nasali, sijaacha. Lakini nasali mlango ukiwa wazi, nikiwa nimevaa viatu, na kanisani wananicheka kwamba sala zangu ni fupi kuliko za watoto. Machela nimebeba mpaka bega hili likapinda, ya waumini na ya wasio waumini. Benchi lile la nyumbani nililivunja nikalitia jikoni, na hata hivyo mchana ukitulia nasikia ubao ukilia nje, natoka kuangalia.

Nawe unayenisikiliza, siku utakapopiga magoti kwa jambo zito, jiulize kwanza kama kuna mtu unayepaswa kwenda kumwita. Kama yupo, inuka, sala itakufuata njiani. Usidhani kwamba nje hakuna anayekungoja umalize. Mimi na Yustina tumezeeka pamoja, tumepata watoto wengine wanne, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza kwa nini sikuinuka asubuhi. Bado namngoja aniulize.