Chapa Nyeupe Mtini

Juzi, nikipita karibu na Bura, niliona mgunga wenye mstari mweupe shinani, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Kisima chetu cha kiangazi kilikuwa nyuma ya mgunga kama huo. Siku hiyo nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Ayeeyo, alimkuta askari wa wanyamapori akiupaka rangi. Harufu ya rangi hiyo ilishinda hata ile ya moshi katika kibuyu chetu cha maziwa.

"Kuanzia hapa ni pa wanyama, mama," askari alisema kwa upole. "Swara wanakwisha."

"Na mbuzi yangu ni nini, viti?" Ayeeyo alimjibu. "Wallahi, kiangazi ikikuja, itakunywa chai yako?"

Askari alicheka, lakini hakuacha kupaka.

Kwetu ngamia hupigwa chapa ya ukoo, na mwenye chapa ndiye humswaga kwenda kwake. Kwa hiyo nilidhani askari angerudi kuuchukua mti. Wakiwa bado wanabishana, niliokota mkaa, nikachora chapa ya ngamia wetu juu ya rangi mbichi. Nilirudi nyumbani na vidole vyeupe, nikiwa nimetulia kabisa.

Sasa najua mstari ule ulikuwa mpaka tu, na kwamba swara wale kweli walikuwa wamebaki wachache. Mti haukwenda popote. Rangi ya pili ilifunika mkaa wangu, na kiangazi kilipofika, walioswagwa mbali na kisima tulikuwa sisi.